Kifungua mkoba

Friza ya yule mama ilikuwa uani, kibarazani, imefunikwa khanga ili jua lisiipige. Ndani mlikuwa na vibua wa jana na barafu za ubuyu zilizoanza kulegea. Alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, na kufika saa moja na nusu nilishashuka kwenye bodaboda Mbagala Rangi Tatu, kisanduku cha vifaa mkononi. Nilichomeka plagi nikatulia nisikilize. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ilinguruma sekunde tano hivi, ikagonga "ta", ikanyamaza. Baada ya dakika mbili ikarudia vilevile.

Nikaivuta friza mbele, nikafungua kifuniko kidogo cha ubavuni mwa kompresa. Pale pana pini tatu. Nikapima kwa mita, pini kwa pini: omu 11, 17, 28. Mbili za kwanza ukizijumlisha unapata ya tatu, kwa hiyo waya za ndani ni nzima. Nikapima kati ya pini na bodi ya kompresa, hakuna shoti. Nikachomoa rilei, kile kidude kinachoisaidia kompresa kuanza, nikaitikisa karibu na sikio. Ikalia kama kikebe chenye punje za mchele. Rilei nzima huwa hailii hivyo; ikilia, jiwe la ndani limepasuka. Nilikuwa na nyingine kwenye kisanduku. Nikaipachika, nikachomeka, kompresa ikashika na haikuachia tena. Baada ya muda mfupi bomba la kupeleka gesi nyuma likawa la moto, na ukutani kwa ndani ukaanza kuhisi ubaridi ukiweka kiganja. Kazi yenyewe haikuzidi dakika kumi na mbili.

"Kiasi gani, fundi?"

"Elfu thelathini, mama."

Akanitazama usoni, kisha akatazama friza. "Thelathini? Hata jasho hujatoka!" Akauliza kile kidude kinauzwaje dukani. Nikamwambia ukweli, elfu sita. "Basi chukua na wewe elfu nne ya mkono, iwe kumi."

Tulivutana, tukaishia 15,000. Bodaboda kwenda na kurudi ilikuwa 6,000. Rilei 6,000. Nikarudi banda langu la Mtoni kwa Aziz Ali na shilingi 3,000, na biashara ya mama ya siku nzima imeokoka, vibua wake wameganda.

Simlaumu yule mama. Nimemtaja kwa sababu njiani, juu ya pikipiki, niliwaza jambo ambalo bado linanisumbua hadi leo. Ningemwambia "mama, kompresa imekufa", angelia kidogo, angekopa kwenye kikoba, angenilipa laki mbili na themanini. Ningekaa pale uani nusu siku nzima na mtungi wa gesi na moto wa kuchomelea, jasho linanitiririka, na hakuna ambaye angeuliza bei ya mkono wangu. Angeniletea na soda. Niliposema kweli nikaondoka na nauli ya daladala na chapati mbili.

Sisi mafundi tuna neno letu, na wateja wanalijua: cha juu. Ukienda Kariakoo kununua kifaa kwa ajili ya kazi ya mtu, kijana wa dukani akishakupa bei anakuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anakuuliza mfuko: "Risiti nikuandikie ngapi, fundi?" Kifaa cha 40,000 kinaandikwa 65,000. Mteja anarudisha 65,000 bila kinyongo kwa sababu ameona karatasi. Kisha fundi anasema ufundi ni 10,000, mteja anaomba iwe 7,000, fundi anakubali huku akionekana kuumia, kila mmoja anaondoka ameridhika. Kumbe ujira umo ndani ya kifaa, umejificha humo.

Fundi aliyenifundisha kazi, marehemu sasa, alikuwa na kibao mlangoni kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: KUANGALIA NI BURE. Alikuwa mtu wa swala tano, hajawahi kumwibia mtu screw. Nilikuwa namuuliza, mzee, kwa nini tusiseme ufundi ni 25,000 na kifaa ni bei ya dukani? Alikuwa anacheka tu: "Mwanangu, watu hulipia kitu wanachokishika." Alilea watoto saba kwa cha juu. Ninamheshimu na ninaamini alikosea, yote mawili kwa pamoja. Alikosea kwa sababu mfumo ule una mwisho wake, na mwisho wake niliufikia mimi.

Desemba ya 2013, ada za shule za Januari zikiwa mlangoni, niliitwa na mzee mmoja mstaafu. Friji lake halikuwa linapooza. Nikaangalia bure, kama kibao kinavyosema. Ilikuwa thamostati, kidude kinachoiwasha na kuizima kompresa kufuata baridi, kifaa cha 15,000. Hata nikiweka cha juu nisingepata zaidi ya 10,000. Nikamwambia ni kompresa. Nilimfungia iliyotumika, ile yake nzima nikaondoka nayo, baada ya wiki nikamuuzia mtu mwingine 70,000. Mzee alinisindikiza hadi getini na kunishukuru kwa kuja haraka. Mwaka 2019, nilipopata moyo wa kwenda kumtafuta, nyumba ilikuwa na watu wengine, na majirani walijua tu kwamba familia ilishahama.

Siandiki hili ili nisamehewe na wasomaji. Naliandika kwa sababu najua jinsi lilivyotokea. Nilikuwa nimefundishwa kwamba macho yangu hayana bei, mita yangu haina bei, miaka yangu ya VETA Chang'ombe haina bei, na chenye bei ni kitu ninachobadilisha. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo atabadilisha kitu. Leo mimi, kesho mwingine. Mteja anayekataa kulipia uchunguzi anadhani ameokoa elfu kumi na tano, wakati amemweka fundi mahali ambapo ukweli wa bei ndogo unamtia hasara fundi mwenyewe.

Bibi yangu alikuwa wa Kilwa Kivinje. Kwake ndiko nilikosikia kwanza neno kifungua mkoba. Mganga wa mitishamba alikuwa akija, anakaa mkekani, mkoba wake anauweka pembeni umefungwa. Hakuugusa hadi iwekwe sarafu. Haikuwa pesa nyingi, lakini ilitangulia mbele ya kila kitu, kabla hata hajauliza mgonjwa anaumwa wapi. Sarafu ile ikishawekwa ni yake. Akifungua mkoba, akaangalia, akasema "huyu hafai kwangu, mpelekeni hospitali", hakuna aliyemdai airudishe. Malipo mengine, ile ada yenyewe, yalikuja mgonjwa akiinuka.

Nilikuwa mtoto, sikuona ajabu. Sasa naona wale watu walikuwa wameshalimaliza suala linalotutoa jasho sisi mafundi wa leo. Walitenganisha malipo ya kutazama na malipo ya kuponya, wakayapa kila moja jina lake. Mganga hakuwa na sababu ya kumtilia mtu ugonjwa mkubwa ili apate chochote, kwa kuwa chake cha kwanza alishakipata.

Na lugha yetu imejaa majina ya namna hiyo. Kilemba alipewa fundi au mwalimu mwanafunzi wake anapohitimu. Kiinua mgongo, ambacho leo tunakisikia kwenye mambo ya mafao, ukilisikiliza neno lenyewe unamwona mtu aliyeinama miaka mingi sasa ananyooka. Arubuni ni ile pesa ya kutanguliza ili mapatano yashike. Siku hizi tunasema advansi, na watu wanaipigania vilevile. Hata ada yenyewe: ni malipo, na ni desturi. Nadhani hayo mawili yalikaa pamoja kwa sababu kiasi kilikuwa kinajulikana mtaa mzima, hakuna wa kushtuka mwishoni. Kila neno lilikuonyesha unalipia kipande gani cha kazi.

Linganisha na "makato" tunayopata kwenye simu. Unatoa pesa kwa wakala, ujumbe unaingia, umekatwa kiasi fulani. Humo wakala anapata kiasi gani, mteja wa kawaida haoni. Tarehe 15 Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, wakala wa mtaani kwangu alitukanwa na wateja wake wiki nzima. Msichana wa watu hakuwa ameongezewa hata senti kwenye kamisheni yake. Alikuwa amekaa tu kwenye mwamvuli wake, anaonekana. Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, kelele zikapungua, lakini kuna wateja waliokwishamhama moja kwa moja. Malipo yasiyo na jina humwangukia aliye karibu.

Nilimpelekea suala hili sheikh wa msikiti ninaoswali. Nilianza na hadithi ambayo kila mtu anaijua, mpeni mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, nikamwambia, sheikh, mimi jasho langu halitoki na watu wananinyima kwa sababu hiyo. Akatabasamu, akasema jasho pale ni la haraka ya kulipa, halikuwekwa liwe mizani ya kupimia kazi. Kisha akanifundisha kitu ambacho sikukijua. Wanazuoni, alisema, wanatofautisha mikataba miwili. Kuna ijara, ambayo neno letu ujira lina shina moja nayo: unamkodi mtu afanye kazi inayojulikana kwa ujira unaojulikana, na masharti yake ni vyote viwili vijulikane kabla. Na kuna ju'ala, ahadi ya malipo kwa atakayeleta matokeo. Mfano wake umo katika Sura Yusuf, aya ya 72: kikombe cha mfalme kimepotea, atakayekileta atapewa shehena ya ngamia mmoja. Hapo hakuna anayelipwa kwa kutafuta. Analipwa aliyeleta. Ukizunguka jangwa zima ukarudi mikono mitupu, huna dai.

"Wewe fundi," akaniuliza, "mteja wako anakuitia ijara au ju'ala?"

Nilikosa jibu, kwa sababu ni vyote viwili na hakuna anayevitaja. Mteja anaponiita moyoni mwake ni ju'ala: friji likipooza nitakulipa, lisipopooza ondoka zako. Mimi ninapopanda bodaboda, moyoni mwangu ni ijara: nimeitwa, nimekwenda, nimefanya. Ugomvi wetu wote unazaliwa kwenye pengo hilo.

Waangalie madalali wa nyumba hapa Dar es Salaam. Kamisheni yao, kodi ya mwezi mmoja, ni ju'ala safi; usipopanga hapati. Lakini dalali anayetafuta chumba cha 80,000 anaweza kuzunguka na watu kumi, kati yao mmoja tu ndiye akapanga. Ndiyo maana siku hizi wanadai elfu kumi, wengine ishirini, kabla ya kukutoa hatua moja. Watu wanaiita wizi. Wapo wezi kweli, wanaokuonyesha nyumba iliyokwishapangishwa juzi ili wakusanye elfu kumi za watu. Lakini anayekuonyesha nyumba za kweli kwa miguu yake juani amekufanyia kazi, na kazi ile imekwisha hata kama sebule hukuipenda. Mimi mwenyewe niliwahi kumkatalia dalali pesa hiyo, mwaka niliokuwa nahama Temeke. Ningeonana naye leo ningempa.

Hadi hapa unaweza kudhani nasema kila kitu kilipiwe kimojakimoja na mambo yatanyooka. Mdogo wangu wa kike anajaza fomu za madai ya bima katika hospitali moja ya binafsi, na ndiye aliyenionyesha upande wa pili. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya 1999, huilipa hospitali kwa kila huduma iliyotolewa kulingana na orodha ya bei: kumuona daktari, kipimo, dawa, kitanda, kila kimoja na bei yake. Inaonekana ni haki, umefanya umelipwa. Lakini mdogo wangu anasema ukikaa kwenye meza yake miezi mitatu utaanza kuona mafua yanayopimwa kama moyo. Kila kipimo ni mapato. Hakuna anayetoa amri, ni mkono tu unaozoea kuandika. Uingereza madaktari wa mtaani hulipwa zaidi kwa idadi ya watu walioandikishwa kwao, waumwe wasiumwe, ili asiwepo mwenye haja ya kukuongezea vipimo. Huko nako lawama ni kwamba unasubiri sana. Hakuna namna ya kulipa isiyo na kishawishi ndani yake. Unachoweza ni kuchagua kishawishi utakachoweza kukilinda.

Nilipomsikiliza nilijiona mwenyewe na kompresa ya yule mzee.

Halafu akaniambia jambo ambalo kwa umri wake amelisoma darasani, ila wazazi wetu waliliishi. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba ya kibiashara nchini. Ikaruhusiwa tena 1991. Kwenye hospitali za serikali uchangiaji ulianza 1993. Kwa hiyo kuna kizazi kizima kilichokulia mahali ambapo mtu aliyesoma, awe daktari au bwana shamba, mara nyingi alikuwa wa serikali, na kumlipa mkononi ilikuwa ama rushwa ama aibu. Nadhani hapo ndipo kifungua mkoba kilipopotelea. Tuliacha kulipia ujuzi moja kwa moja, na uliporudi sokoni tulikuwa tumeshasahau namna ya kuutaja. Hii ni dhana yangu, lakini naiona kila siku: wateja wangu wenye miaka sitini ndio wagumu zaidi kulipia uchunguzi, na si kwa uchoyo, maana ndio haohao wanaonilazimisha kula wali kabla sijaondoka.

Sasa nije kwenye ile thelathini elfu, maana mama aliuliza kwa haki na sikumjibu.

Elfu sita ni rilei, sita ni usafiri. Inabaki kumi na nane. Mita yangu niliinunua 85,000. Ya kwanza, ya bei rahisi, ilinidanganya hadi nikaunguza bodi ya umeme ya friji la mtu na kuilipa mwenyewe. Geji za gesi, pampu ya vakyumu, mizani. Watu hushangaa mizani ya nini. Kwenye friji huwa kuna kibandiko kinachoandika aina ya gesi na gramu zake. Friji nyingi mpya zinatumia R600a, na zinaweza kuwa na gramu 50 tu, au 60. Ukizidisha gramu kumi umeharibu upoaji. Tena gesi hiyo inawaka. Fundi anayekuja na moto wa kuchomelea kabla hajaitoa yote na kupitisha hewa chumbani anaweza kukuunguzia nyumba. Mwalimu wangu alijifunza kwa gesi ya R12. Ikaja Itifaki ya Montreal ya 1987 ya kulinda tabaka la ozoni, R12 ikaondolewa, ikaingia R134a, mafuta ya kompresa nayo yakabadilika, akajifunza upya akiwa na mvi. Mimi nimejifunza R600a nikiwa na watoto. Nani alilipia siku hizo za kujifunza? Hazimo kwenye risiti ya mtu yeyote, kwa hiyo lazima zigawanywe kidogokidogo kwenye risiti za wote.

Kuna siku za kukaa. Desemba hadi Machi joto linapopanda simu haitulii. Juni na Julai naweza kumaliza siku nne sijaitwa popote, kodi ya banda inatembea vilevile. Mama ananihitaji niwe nipo siku friza yake inapogoma, saa kumi na mbili asubuhi. Ili niwepo siku hiyo, lazima niwe nimekula siku zile ambazo haikugoma.

Kuna dhamana. Nikitengeneza, kwa miezi mitatu tatizo lilelile likirudi narudi bila malipo, nauli yangu. Katika kazi kumi, moja hurudi. Na ninapofanya kazi za ofisi, wanakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kabla hawajanilipa. Hiyo sina ugomvi nayo, ila niliwahi kupiga bei ofisi moja bila kuikumbuka, faida yote ikaishia huko.

Ukishayaweka yote hayo, kile kinachobaki cha zile dakika kumi na mbili ni kidogo kuliko mama alivyodhani. Kwamba zilikuwa kumi na mbili na si saa sita, hilo ndilo hasa alilonunua. Fundi asiyejua kupima zile pini tatu angechukua kutwa nzima, angetoa gesi bila sababu, angetoka jasho la kutosha, na vibua wangeoza.

Mwanzoni mwa 2021 nilitoa kibao nilichorithi, nikaandika kingine. Kina mistari mitatu. Kifungua mkoba 15,000, nauli ni yangu ndani ya Temeke. Ufundi tunapatana baada ya kuona, kabla ya kugusa. Kifaa bei ya dukani, risiti yako. Ule wa tatu ndio ulionigharimu. Kijana wa dukani Kariakoo alipouliza aandike ngapi nikasema andika ulichonipa, akanitazama kama mgeni. Mafundi wenzangu wawili walinijia jioni, wakasema nawaharibia. Nilielewa hasira yao. Mtu akikuta risiti ya kweli ya kwangu, yao itaonekana. Mmoja hatusemezani vizuri hadi leo na inaniuma, tulikuwa tunashirikiana mtungi.

Wateja nao. Miezi minne ya mwanzo nilipoteza karibu nusu. Simu zilikatwa mara tu niliposema kumi na tano ya kuangalia. "Wenzio wanaangalia bure." Ndiyo, wanaangalia bure. Nilijifunza kutobishana kwenye simu. Nasema tu kwamba nikishaangalia nitakuandikia kwenye karatasi tatizo ni nini, na karatasi ni yako, unaweza kumpelekea fundi mwingine akakutengenezea kwa bei yake. Hilo la karatasi lilibadilisha mengi kuliko nilivyotarajia. Watu walianza kukishika kitu, kama alivyosema yule mzee aliyenifundisha kazi. Wengine wamechukua karatasi wakaenda nayo kwingine. Wachache wamerudi.

Na kishawishi changu kipya nakijua. Siku yenye simu sita naweza kukimbia nyumba kwa nyumba, nifungue mkoba, niandike mstari mmoja, nichukue 15,000, niondoke. Siku moja mwaka jana nilijikuta nimeandika "gesi imepungua" bila kutafuta inavujia wapi. Gesi haipungui yenyewe, friji si gari. Nilikuwa nimeshafika barabarani. Nikarudi, nikatafuta kwa povu la sabuni, nikapata tundu kwenye kiungo cha draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu kwenye gesi. Tangu siku hiyo naandika na nilivyopima, namba zenyewe, ili nisiweze kuandika nisichokifanya.

Yule mama wa Rangi Tatu alinipigia tena Februari mwaka huu. Sikudhani angepiga. Nikamwambia utaratibu umebadilika, kifungua mkoba kumi na tano. Kimya kidogo, kisha, "Njoo tu, fundi."

Friza ilikuwa ileile, sasa imekula kutu chini. Nilisikiliza, nikapima: pini zote zilikuwa na shoti hadi kwenye bodi, kompresa imeungua kweli safari hii. Ukuta wa ndani umevimba, mabomba yaliyomo yameshaoza, sponji imelowa maji. Nikakaa kwenye kigoda alichonipa nikamwandikia. Kompresa, gesi, draya na ufundi, laki mbili na tisini, na baada ya hapo ukuta utavuja ndani ya miezi michache kwa sababu mabomba yale hayachomeleki. Nikaandika chini: haifai kutengenezwa. Nikamtajia bei ya friza ndogo iliyotumika ambayo ningeikagua mwenyewe kabla hajainunua.

Aliisoma ile karatasi polepole, mdomo ukitembea. Akauliza kama hakuna hata cha kujaribu. Nikasema hakuna, mama, utatupa pesa.

Akaingia ndani. Nilisikia kabati likifunguliwa. Akarudi na noti ya kumi na ya tano, akaziweka juu ya kisanduku changu ambacho sikuwa nimekifungua tena tangu nitoe mita, na akaanza kuwatoa samaki kuwapanga kwenye beseni lenye barafu ya kwa jirani.